Salamu Zisizotumwa

Mama Dobi alirudi Jumatatu, saa tatu asubuhi, na mkoba mmoja begani na njaa ya watu watatu. Kabla hajavua viatu alikuwa amekwisha kula vipande vinne vya mkate na kunywa vikombe viwili vya chai, kisha akauliza kama kumebaki kitu. Mwanawe wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda ingawa alikuwa na ndevu na miaka ishirini na sita, alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na pasi mkononi, akimkodolea macho. Kwa miezi kumi na moja, tangu Mzee, baba yake, afariki, kijana huyu alikuwa akimbembeleza mama yake amalize nusu kipande.

"Mgonjwa uliyeenda kumwona anaendeleaje?" aliuliza.

"Amepona," mama akajibu, akijipangusa mdomo.

Hakudanganya. Ijumaa aliaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe alikuwa ni yeye. Lakini hakutaka maswali zaidi, kwa hiyo alijifunga kitambaa kiunoni, akaenda mbele dukani na kuanza kazi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu ya kupokelea nguo, benchi la wateja, na vyuma viwili vilivyojaa henga. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha pasi, halafu ua wenye mabeseni na kamba. Mama Dobi alivuta rundo la nguo za Jumamosi, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano na kushona namba upande wa ndani wa pindo la kila nguo, ili shati la mtu lisije likaenda kwa mwingine. Alikuwa akiifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano. Siku hiyo aliifanya huku akiimba puani, jambo ambalo Kitinda alilisikia hadi chumba cha pasi na kuzima redio ili ahakikishe.

Binti mkubwa, ambaye ni muuguzi katika hospitali kubwa, alipita saa nne kuacha sare zake. Alikuwa ametoka zamu, miguu imemvimba, hasira ziko karibu. Alimkuta mama yake anaimba, akasimama.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna nini wapi?"

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini ng'ambo ya barabara alikaa fundi cherehani mmoja, rafiki wa Mama Dobi tangu wote wawili wakiwa wembamba, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na kifuniko. Walimwita Sindano. Alipomwona mwenzake dukani alivuka barabara na futi kamba shingoni, akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Mwenzangu! Tumbo limetulia? Mimi niliyenusa tu bado nausikia ule uchungu kooni!"

"Uchungu gani?" Muuguzi akauliza.

Sindano alimwona Muuguzi, akamwona na mteja mmoja, karani aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri koti lake.

"Jamani, nimeacha mashine inazunguka," alisema, akageuka na kuondoka. Mashine yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Haijapata kuzunguka yenyewe hata siku moja.

Muuguzi aliweka mkoba chini taratibu, kama anavyofanya wodini kabla ya jambo zito. Alizunguka meza, akamshika mama yake kidevu, akavuta kope la chini kwa kidole gumba na kumulika jicho kwa tochi ya simu.

"Toa ulimi."

"Mwanangu, kuna mteja."

"Toa ulimi, Mama."

Mama Dobi, mwenye umri wa miaka sitini na moja, mwenye duka, aliyewalea watoto watatu kwa maji ya sabuni, akatoa ulimi nje mbele ya karani. Karani kwa heshima alitazama dari.

"Umekunywa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mizizi."

"Mizizi gani?"

"Mizizi ya mti. Sikuuliza ukoo wake."

"Mama, usinifanyie mzaha!" Sauti ya Muuguzi ilipanda. "Mimi kila wiki ninapokea watu wameletwa wamevimba mpaka uso, figo zimekufa, ukiuliza unaambiwa mizizi. Na wewe una presha! Mtoto wako ni muuguzi, unakwenda kujilaza kwa mganga? Nitawaambia nini wenzangu?"

"Yule mama mganga aliniuliza vidonge vyote ninavyomeza," Mama Dobi alisema kwa sauti ndogo. "Akanipimia kidogo kuliko wengine. Akanikalisha kwenye mkeka, akakaa karibu yangu tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Nikatapika, akanishika paji la uso. Halafu nikaona mambo. Basi. Nimerudi, nimekula."

"Umeona mambo," Muuguzi alirudia, na maneno hayo yakasikika mabaya kinywani mwake.

Kitinda alikuwa ametoka chumba cha pasi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Macho yalikuwa yamemtoka kama mtoto aliyesikia mlio wa gari la baba.

"Ulimwona Baba?"

Hapa inabidi mama huyu afahamike vizuri, maana asiyemfahamu atamwona mwongo. Mama Dobi hakuwahi kurudi kutoka mahali popote bila salamu. Akitoka kwa dada yake, "wanawasalimu sana." Akitoka hospitali kumwona jirani, wodi nzima inawasalimu, pamoja na waliokuwa usingizini. Kwake yeye kurudi mikono mitupu ni aibu ndogo, lakini kurudi bila salamu ni kuwaambia watu wa nyumbani kwamba huko nje hakuna anayewakumbuka. Mara moja alimletea mumewe salamu motomoto za rafiki yake ambaye, ilikuja kujulikana, siku hiyo alikuwa safarini na hata nyumbani hakuwepo. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Salamu hizo ambazo hakuna aliyezituma alizibeba maisha yake yote, na hazikuwahi kumdhuru mtu.

Kwa hiyo alipotazama uso wa mwanawe, ulimi wake ulikwenda ulikozoea.

"Anawasalimu," akasema.

Kitinda alikaa kwenye benchi, karibu na karani, akafunika uso kwa mikono miwili. Muuguzi akachukua mkoba wake na kutoka, akaziacha sare mezani bila kuzihesabu.

*

Siku ya Jumanne Muuguzi alirudi na mashine ya presha. Hakusalimu vizuri. Alimkalisha mama yake katika chumba cha pasi, juu ya kigoda, akamfunga mkono na kubonyeza. Mashine ikalia.

"Iko sawa," Muuguzi alisema, kama aliyetarajia kushinda ubishi akashindwa. Akapima mkono wa pili. Nao ukawa sawa.

Alianza kukunja waya. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Mama."

"Bee."

"Mimi siamini mambo haya, unajua." Hakumtazama. "Lakini ulipomwona... kile kifua. Alikuwa anapumua vizuri?"

Mzee alifia wodini kwa binti huyuhuyu, kwa kifua, mchana wa saa saba. Muuguzi alikuwa ameshinda naye tangu asubuhi, akaondoka dakika kumi tu kwenda kunywa chai. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia. Hakulizungumza jambo hilo kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo hakunywa tena chai kazini.

Sasa ungekuwa wewe, ungesema nini?

"Vizuri," Mama Dobi akasema. "Hakukohoa hata mara moja."

Muuguzi aliinama pale pale, kichwa juu ya mapaja ya mama yake, akalia kwa sauti katikati ya mashati ya watu. Mama alimfuta uso kwa kitu cha kwanza alichokishika, ambacho kilikuwa taulo la mteja, akamwimbia puani kama alivyokuwa akimwimbia utotoni. Na huku akimwimbia, furaha aliyorudi nayo ilianza kumponyoka. Salamu ya kwanza ilikuwa mazoea ya mdomo. Hii ya pili aliisema akijua.

Jioni Kitinda alimletea habari nyingine, akitabasamu kwa fahari.

"Nimempigia kaka. Nimemwambia yote. Anakuja Jumamosi."

"Kaka yako anakuja hapa? Dukani?"

"Hapahapa. Amesema ana swali moja tu la kukuuliza."

Mama Dobi hakuhitaji kuambiwa ni swali gani.

*

Kuhusu yule kaka, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa pili wa mji, habari ni fupi. Mzee alimfundisha pasi tangu akiwa na miaka tisa, akaandikisha na ubao mpya juu ya mlango: Dobi na Wanawe. Rangi ya ubao haijakauka vizuri, kijana akasema anakwenda chuo cha ualimu. Mzee hakugomba. Aliacha tu kusema naye. Miaka miwili na nusu hakumtamkia neno, na mwana naye akawa na kiburi kama cha baba yake, hakukanyaga tena dukani. Habari za ugonjwa zilimfikia amechelewa. Alifika hospitali akaonyeshwa pazia.

Jumatano Mama Dobi alivuka barabara kwenda kwa Sindano. Alikaa kwenye rundo la vitambaa, akavua viatu.

"Umeniponza," alisema.

"Najua. Mdomo huu nitaushona siku moja." Sindano aliacha kukanyaga. "Lakini wewe nawe, salamu! Nani alikutuma? Si uliniambia njiani kwamba hukumwona?"

"Sikumwona."

"Sasa uliona nini? Tulipokuwa tunarudi ulikuwa unacheka peke yako, nikaona nisikukatishe."

Uso ulimlegea Mama Dobi, akatabasamu bila kujua.

"Niliona mashuka," alisema. "Mashuka meupe, yamesambaa kwenye kamba mpaka jicho linapoishia. Safi. Makavu. Hayana namba, hayana mwenyewe, hakuna mtu anayeyafuata saa kumi. Nami nimo katikati, natembea tu. Upepo unayapiga, yananigusa usoni, yana harufu ya jua. Mikono yangu hii," akaitoa, ile mikono iliyochunika kwa magadi na sabuni, "haiumi. Ikawa ni ya msichana. Nikawa nacheka, Sindano. Hakuna kilichochekesha. Nilicheka tu mpaka mbavu zikauma, yule mama akaniuliza kama nataka maji."

"Basi?"

"Basi. Siku nzima."

Sindano alisubiri. Alipoona hakuna kingine alishusha pumzi.

"Miaka thelathini na mitano kwenye mashuka, unakwenda kunywa uchungu wote ule ili uonyeshwe mashuka! Mimi ningedai nirudishiwe changu."

Walicheka, Mama Dobi naye, lakini hakucheka mpaka mwisho.

"Mwalimu anakuja Jumamosi," alisema. "Anataka kujua kama baba yake alimsamehe."

"Mwambie alimsamehe. Inakupunguzia nini? Yule mtoto ameteseka. Umeshawapa wawili, mpe na wa tatu. Wa kwanza ukampa salamu, wa pili ukampa kifua, wa tatu umnyime?"

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Mama Dobi aliokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakikunja mara nne mpaka kikawa kidogo kama stempu. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Sindano hakuambiwa, na hilo ndilo lililomkaa kifuani. Siku ile yote katikati ya mashuka hakumtafuta Mzee. Hakumkumbuka. Miezi kumi na moja alikuwa akila na kulala na kifo cha yule mtu, halafu akapewa siku moja ya furaha, na ndani ya furaha hiyo mumewe hakuwemo na yeye hakugundua. Watoto wangemwelewa vipi? Kumwambia mtu kwamba baba yake hakutokea ni jambo moja. Kumwambia kwamba mama yake hakujali kama ametokea au hakutokea ni jambo jingine kabisa.

"Kwa sababu yule atanishika," alijibu hatimaye. "Ni mwalimu. Atauliza alisema kwa maneno gani."

*

Jumamosi walifunga duka saa saba. Mwalimu alikuja amevaa shati la samawati, akaingia kwa mlango wa wateja na kukaa kwenye benchi la wateja, magoti pamoja, mpaka Kitinda alipomshika mkono na kumwambia, "Kaka, ingia ndani bwana, hatukupi risiti." Walikula wali na maharage kwenye meza ya pasi, iliyotandikwa gazeti, maana chumba hicho hakikuwa na meza nyingine. Muuguzi alikuwepo pia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri siku nne mfululizo, na alimjazia mama yake sahani bila kuombwa.

Mama Dobi alikula vijiko vitatu.

"Mama," Mwalimu alianza. Alikuwa amejiandaa. Aliweka kijiko chini na kukinyoosha sambamba na sahani. "Dogo ameniambia. Mimi sikuja kubisha kama ni kweli au si kweli. Nina swali moja tu. Baba alinitaja?"

Kitinda aliacha kutafuna. Hata Muuguzi alimgeukia mama, na machoni mwake mlikuwa na ombi waziwazi: mpe.

Mama Dobi alilitazama jibu, lilikuwa pale mdomoni, jepesi, tayari. Alikutaja. Neno moja. Alipiga moyo konde.

"Sikumwona," akasema.

"Unasemaje?"

"Sikumwona baba yenu. Hakuja. Sikumwona, sikumsikia. Zile salamu nilizisema kwa mazoea yangu, mnanijua. Hakuna aliyezituma."

Mteja aligonga mlango wa mbele, akagonga tena, akaondoka zake.

Muuguzi ndiye aliyeanza. "Na kifua?"

"Sijui, mwanangu. Sikukiona kifua chake."

"Nililia juu ya mapaja yako, Mama. Uliniacha nilie."

"Nilikuacha. Nisamehe."

"Ukanifuta na taulo la mteja!"

"Nililifua tena," Mama Dobi alisema, kwa kuwa ilikuwa ni kweli.

Muuguzi alisimama, akaenda uani. Walimsikia akifungua bomba kwa nguvu na kugonganisha sufuria zisizo na kosa. Kitinda alikuwa akitazama sahani yake. Lakini Mwalimu alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi.

"Kwa hiyo hata huko hakutaka kuniona."

"Sikusema hivyo. Hakuwepo kwa mtu yeyote."

"Ni hilohilo. Alikuwa na miaka miwili na nusu ya kusema neno. Hakusema akiwa hai, ndiyo aje aseme kwenye mizizi? Mimi mjinga. Nimepanga wiki nzima nitakavyojibu." Alisukuma sahani, akainuka. "Asante kwa chakula, Mama."

"Kaa," alisema Kitinda.

Hakuna aliyezoea kusikia Kitinda akitoa amri, ndiyo maana Mwalimu hakuondoka.

"Mashati yako," Kitinda aliendelea, bado akiangalia sahani. "Yale niliyokuwa nakuletea kila Ijumaa. Unafikiri nani alikuwa anayapiga pasi?"

"Mama."

"Mama hapigi kola vile. Mwangalie, muulize. Mimi pia siwezi. Ni Baba. Nilikuwa nikirudi nayo tu ananinyang'anya mfuko, ananifukuza mezani. Anaanzia kwenye ncha za kola anakuja katikati, ana mate yake ya kupima pasi, anagombana na ule mshono. Hasemi ni ya nani. Mashati ya mkuu wa wilaya niliachiwa mimi. Yako hakuna aliyeyagusa."

Mwalimu aligeuka kwa mama yake. Mama Dobi alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa amelifikiria jambo hilo hata kidogo, alilizoea mno kiasi kwamba halikuwa habari.

"Kila Ijumaa," alisema. "Mpaka ile wiki aliyolazwa."

Mwalimu alipeleka mkono shingoni, akalishika shati la samawati.

"Kola zimekuwa mbaya mwaka huu," alisema polepole. "Zimekuwa mbaya kweli. Nikadhani ni wewe, Mama, mikono imechoka kwa majonzi. Sikutaka kusema nikakuumiza." Alikaa. Kisha akasema kwa hasira, lakini hasira iliyokwisha makali: "Angesema tu. Si alikuwa na mdomo?"

"Alikuwa nao," mama akasema. "Angesema. Hakusema. Hilo siwezi kukurekebishia."

Bomba uani lilifungwa. Muuguzi alirudi akasimama mlangoni, mikono inatiririka maji. Alikuwa amesikia.

"Mimi ninalala tangu Jumanne," alisema. "Kwa uongo wako. Sasa leo nitafanyaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Na wewe mwenyewe? Ulikwenda kote huko, ukahatarisha figo zako, hukumwona. Sasa ulirudi unaimba nini?"

Mama Dobi alijua sasa amefika penyewe. Angeweza bado kuchepuka, akasema ni mambo ya dawa, yamepita. Alipangusa mikono kwenye kitambaa cha kiunoni ingawa ilikuwa mikavu.

"Nilifurahi," akasema. "Nitawaambia, halafu mkinichukia mtanichukia. Nilifurahi tangu asubuhi mpaka jioni. Na siku yote ile baba yenu sikumkumbuka. Hata mara moja. Hakuja kwa sababu sikumwita. Nilimsahau kabisa, kama mtu ambaye hakuolewa. Ndiyo maana niliona haya kuwaambia, nikawapa salamu."

Alisubiri. Alikuwa tayari kwa lolote, hata mlango ufungwe kwa kishindo. Kitinda ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Na sisi je?"

"Nyinyi pia."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, baba. Wewe ndiye wa kwanza kabisa."

Kitinda alimtazama kaka yake. Sauti ya ajabu ilimtoka Mwalimu puani, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na safari hii kicheko hakikuwa kikavu. Kitinda naye akapasuka. Walicheka mpaka Mwalimu akaegemea meza ya pasi na kufuta macho, na haikujulikana vizuri ni kicheko tu au na kitu kingine kilichokuwa kimesubiri miezi kumi na moja.

Muuguzi hakucheka. Alikuja akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, magoti kwa magoti, kama siku ile ya presha. Alimchunguza uso kwa muda mrefu, bila tochi.

"Siku nzima bila kumfikiria," alisema.

"Siku nzima."

"Inawezekana?"

"Inawezekana."

Uso wa Muuguzi ulikuwa na wivu, na ndani ya wivu huo mlikuwa na kitu kama cha mtu aliyeambiwa kwamba kifungo chake kina tarehe ya mwisho. Aliichukua mikono ya mama yake, akaigeuza viganja juu.

"Hebu simulia," akasema. "Tangu ulipokunywa. Usiache kitu."

"Utagomba."

"Nitagomba baadaye. Simulia."

Kitinda alisogeza sahani pembeni. Mwalimu alivuta benchi la wateja mpaka ndani ya chumba cha pasi na kukaa karibu na mdogo wake. Na Mama Dobi, akianza kwa woga kisha akanogewa, aliwaeleza uchungu wa ile dawa, na mkeka, na mashuka yasiyo na mwisho, na upepo, na mikono isiyouma, na kile kicheko kisicho na sababu. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamwomba arudie pale alipocheka, na hakuna aliyemuuliza nani mwingine alikuwepo.